Ziara ya Viungo Kizimbani, na Saa Isiyoonyeshwa

Mkaazi wa Dodoma atakaye kuwatembeza ahli zake kwa siku moja huwapeleka kwenye mizabibu, ambayo huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ama mkaazi wa Mji Mkongwe, ambaye kisiwa chake si nchi ya zabibu, huelekea nao Kizimbani au Kidichi, ambako mimea itambaayo ipo vilevile, ila haikutandaziwa waya, bali huegemezwa kwenye miti iliyo hai, ukaiona pilipili manga imekwea mfenesi hata shina lenyewe halionekani. Matembezi hayo, ambayo mjini huitwa ziara ya viungo, yana sanaa yake, na sanaa hiyo yastahili kuchambuliwa: ni kipi kinachoonyeshwa, kwa taratibu gani, na ni kipi kinachoachwa nyuma.

Njia haina haja ya maelezo marefu. Hutoka Darajani, ikapita Marahubi na Mtoni, ikiandama pwani ile ile ambako kampuni ya Kimarekani ilitandika reli ya Bububu mnamo 1905, kisha hupinda kuingia mashamba. Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo ya karafuu Unguja, lililoasisiwa na Saleh bin Haramil al-Abri mwanzoni mwa karne ya 19 na baadaye kutwaliwa na mtawala, Seyyid Said bin Sultan. Binti wa Seyyid, Bibi Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, alipata kukaa hapo. Na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa, jambo ambalo mtembezaji aghalabu hulitaja kwa mkato, nami naliona ni upungufu, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuonyeshwa Hamamu za Kidichi, alizojengewa Shehrzad wa Uajemi, mke wa Seyyid, ana akili ya kutosha kuuliza ni nani aliyebeba mawe.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Mtembezaji hodari hataji jina la mti. Huchuma jani, akalifikicha kiganjani, akalipeleka kwenye pua ya mdogo kuliko wote, akangoja. Na katika kungoja huko ndimo ilimo hekima yote ya ziara, maana ukoo uliotoka mjini huwa na bibi ambaye pua yake imezijua hiliki na kungumanga miaka yote ya pilau bila ya jicho lake kuuona mmea, na wajukuu ambao hawajui hili wala lile, na baba ambaye hujitia kujua. Na fumbo likishatolewa, wote husimama daraja moja, mpaka bibi atakapotamka jina la kwanza, akageuka mwalimu pasi na mtu kumpa kazi hiyo. Mdalasini ndio unaotumiwa kwa ujanja mkubwa zaidi: jani lake hunukia karafuu, mzizi wake hunukia kafuri, na gamba peke yake ndilo linalotoa harufu iliyozoeleka, hivyo mti mmoja humkosesha mgeni mara mbili kabla hajapata. Karafuu humlazimisha mtu kuinua kichwa, na punde tu hiliki, ambayo huzaa chini kabisa karibu na udongo, humlazimisha kuinama. Tunda la kungumanga hupasuliwa mbele ya macho ili basibasi nyekundu ionekane imekumbatia kokwa. Mzingefuri huwapaka watoto rangi vidoleni. Asiyetazama kwa makini hudhani ni matembezi ya ovyo kutoka mti hata mti, ilhali kila hatua imepimwa ili mwili usichoke wala pua isishibe.

Hata hivyo sanaa hii, kwa sababu imesimama juu ya pua, hushindwa na kila kitu ambacho hakinuki papo hapo. Tutazame vanila. Mtembezaji huonyesha mtambaazi mnene uliozungushwa kwenye mti wake na kukunjwa ushuke tena, ili usikwee kupita mkono wa mtu, akampa mtoto ganda bichi alinuse. Mtoto hunusa, hapati kitu, na msafara huhamia kwenye mti mwingine kwa haraka yenye haya kidogo. Na papo hapo ndipo palipostahili kusimamwa. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na mchana huanza kunyauka; baina ya chavua yake na sehemu ipokeayo pana kiwambo chembamba kinachozuia visikutane, na wadudu wa kwao Meksiko wanaosemekana kuifanya kazi hiyo hawako visiwani kwetu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alikiinua kiwambo hicho kwa kijiti na kuikandamiza chavua kwa kidole gumba, na tangu hapo vanila ya mashambani huozwa kwa mkono, ua baada ya ua, huku mengine katika kichala yakiachwa makusudi ili mmea usielemewe. Ganda hukaa mtini yapata miezi tisa. Kisha huchovywa katika maji ya moto yasiyochemka, likafunikwa lipate kutoka jasho, likaanikwa siku nyingi, likafungiwa miezi mingine, na hapo ndipo harufu huzaliwa. Basi familia iliyokunywa chai kwa nafasi, ikatoka mjini saa nne na kuanzia hamamuni, hufika kwenye vanila wakati ua, kama lilikuwepo, limekwisha kufumba: ratiba ya ziara imepangwa kwa raha ya mgeni, si kwa saa ya mmea.

Karafuu nayo ina saa yake. Huchumwa ikiwa tumba, inapoanza kuwa nyekundu, kabla ya kuchanua, maana iliyochanua imepoteza thamani. Jioni hukaa watu barazani wakazitenga karafuu na makonyo yake. Kesho yake hutandazwa juu ya majamvi na kugeuzwageuzwa, na wingu likionekana kila mwenye miguu hukimbia, kwa kuwa zilizorundikwa zikiwa na maji huvunda na kupauka. Uzito wake hushuka hata kubaki kama theluthi. Mgeni wa nje ya msimu hayaoni haya, wala haambiwi kwa nini mikarafuu imeshamiri zaidi Pemba: kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa.

Dawa ya upungufu huu si ngumu. Mwenye shamba angetandaza jamvi moja msimu wa karafuu, akawaketisha wazee na watoto wachambue pishi moja kwa mikono yao kabla ya chakula, na msimu wa vanila angewataka wageni watoke mjini mapema, waende hamamuni baadaye. Hadi hapo, banda la kuuzia viungo ndilo linalobaki kuwa darasa la pekee la wakati, kwa anayejua kutazama: pilipili manga nyeusi ni ile iliyochumwa bichi ikaanikwa, na nyeupe ni ya mtambaazi ule ule, iliyoachwa ikaiva, ikarowekwa na kuvuliwa ganda, na karafuu njema, ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima, ilhali iliyokwisha mafuta hulala juu ya maji, nayo ndiyo muuzaji huitanguliza.