Kidole Kinachojua Kuachia

Asiyejua Winning Eleven, gemu la mpira la PlayStation, hutazama mpira. Anayejua hutazama kidole gumba cha aliyeshika pedi, hasa pale kinapoachia kitufe. Nguvu ya mkwaju katika gemu hili hupimwa kwa muda kidole kinapotulia juu ya mraba. Ukiwahi kuachia, mpira unatambaa mpaka mikononi mwa kipa. Ukichelewa chembe, unapaa juu ya mtambaa wa panya. Baina ya hayo mawili pana kipande kidogo cha wakati ambacho hakiandikwi popote. Kidole chenyewe ndicho kinachokijua, na kipande hicho hubadilika kwa kila mchezaji, kwa kila umbali, na tena ikiwa beki amekugusa bega.

Kampuni ya Konami ililitoa gemu hili Japani mwaka 1995, kwenye PlayStation ya kwanza. Ulaya lilipewa majina mengine, hadi mwaka 2001 likatulia kama Pro Evolution Soccer. Sisi wa Ibra, Omani, majina ya Ulaya hatukuyajali. Diski zilizotufikia zilikuwa za Kijapani: menyu haisomeki hata neno, na duara ndiyo ya kukubali, msalaba wa kurudi nyuma. Watoto waliokuwa bado wanababaika na alifu na bee waliivuka menyu ile bila kusita. Leseni nazo zilikuwa haba, kwa hiyo beki wa kushoto wa Brazil katika matoleo ya Ulaya aliitwa Roberto Larcos, na katika Pro Evolution Soccer 2 Waholanzi walikuwa neno Oranges na namba nyuma yake. Hakuna aliyepotea. Mtu alijulikana kwa upara wake, kwa mbio zake, kwa hatua alizorudi nyuma kabla ya kupiga mpira wa adhabu. Shingo Takatsuka, aliyeongoza utengenezaji wake kwa miaka mingi, na wenzake walimpa kila mchezaji mwendo wake, wakaacha jina liharibike.

Lakini kitu ninachokistahi zaidi ni R1, kitufe cha mbio. Mgeni hukishika tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho. Sasa mtazame mtu wake kwa makini: kila anapokimbia, mpira unamtangulia hatua nyingi zaidi, na katika zile hatua mpira si wake wala si wa mwenzake. Beki akinyosha mguu hapo, basi. Fundi hutembea. Hupokea kwa kiungo, hugeuka kwa vishale, huachia msalaba kwa pasi fupi ya kugongeana, hutembea tena. R1 huigusa mara moja tu, pale winga anapokwisha kumpita mtu na mbele yake pana majani matupu. Binamu zangu wa Sur hawakuwa na subira hiyo. Walikuwa watu wa krosi, duara asubuhi na jioni, na walifunga pia, siwanyimi haki yao.

Kukaba ndiko kugumu zaidi, na ndiko watazamaji wasikokupigia makofi. Ukishika msalaba, mtu wako anamfuata mwenye mpira mwenyewe. Ukiongeza mraba, wa pili naye anakuja. Inapendeza, unajiona mkali, kumbe alipotoka yule wa pili pameachwa wazi, na pembetatu moja, ile pasi ya kupenyeza, inatosha. Ami yangu, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Omani akiwa mdogo, alikuwa akiviachia vitufe vyote viwili. Alimsogeza beki wake kwa vishale tu, hatua mbili mbele ya mshambuliaji, akarudi naye nyuma polepole mpaka mwenzake achoke kusubiri na apige pasi ya hovyo.

“Wamkimbilia nini, mwanangu? Atakuja mwenyewe.”

“Ami, atapiga!”

“Na apige. Kutoka huko?”

Enzi hizo wikendi ya Omani ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, kabla ya serikali kuihamisha mwaka 2013, kwa hiyo usiku wa mashindano ulikuwa Jumatano. Watu walikaa chini majlisini, kiyoyozi kikinguruma, tende na kahawa pembeni, na Kiswahili kikichanganyika na Kiarabu kadiri sauti zilivyopanda. Ilikuwa sawasawa na baraza la bao: wawili wanacheza, kumi wanajua zaidi yao. Kama bao, hakuna kinachofichika. Televisheni ni moja. Ukipanga timu, mpinzani anaona umemweka nani na umemwacha nani. Anaona hata vile vishale vya hali ya mchezaji, chekundu kinachotazama juu na cha kijivu kinachotazama chini, na anajua kwamba nyota wako leo hana miguu. Utamchezesha kwa heshima ya jina, au utampa nafasi kijana mwenye kishale chekundu? Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe.

Siri ilibaki mahali pamoja tu, kwenye penalti. Mpigaji huchagua upande kwa kidole, na kipa vilevile, nao wamekaa goti kwa goti. Ndipo utaona mikono ikiingia chini ya pindo la kanzu, pedi na yote, na nyuso zikitazama mbele kwa uchamungu wa ghafla. Wengine walikuwa wakisogeza bega la kulia makusudi huku kidole kinakwenda kushoto. Hili Konami hawakuliweka kwenye diski. Lilizaliwa kwa sababu pedi mbili zilichomekwa kwenye mashine moja na nyaya zake zilikuwa fupi.

Mwaka 2021 Konami walibadilisha jina kuwa eFootball, gemu la bure la kupakua, na toleo lake la kwanza lilichekwa dunia nzima. Wapwa zangu wanalo kwenye simu na wanacheza na watu wasiowaona. Kwa ami bado linawashwa toleo la 2006, ambalo wale wa Ulaya waliliita Pro Evolution Soccer 6. Halipati masasisho, kwa hiyo ila zake zote zinajulikana, na kila nyumba imezitungia sheria. Kubwa kati ya ila hizo ni Adriano wa Inter, ambaye akipata nafasi ya mguu wa kushoto nje ya boksi kipa hana la kufanya. Kwa ami ukiichukua Inter unamtoa Adriano kwanza, mbele ya mashahidi, ndipo mpira uanze. Mgeni kutoka Nizwa alijaribu kumwingiza kipindi cha pili, akidhani wenyeji wameshughulika na kahawa. Mashine ilizimwa.