Nani Alikuwa "Sisi" katika Jarida la Walkabout?

Wahakiki wengi huyachukulia majarida ya usafiri kuwa kioo cha taifa. Historia ya Walkabout, lililochapishwa nchini Australia kuanzia Novemba 1934 hadi 1974, inautilia shaka mtazamo huo. Jarida hili lilitolewa na chama cha kitaifa cha usafiri, kilichoundwa mwaka 1929 ili kuvutia wageni. Hata hivyo, lilisomwa sana na Waaustralia wenyewe, hasa wakazi wa miji ya pwani, ambao wengi wao hawakupata kuliona jangwa la ndani ya nchi ila katika kurasa zake.

Jina lenyewe lina mengi ya kueleza. Katika mashamba ya mifugo, walowezi walilitumia neno hilo, mara nyingi kwa kejeli, kumhusu mfanyakazi mwenyeji aliyeondoka kazini bila kuaga. Kwa mwenyeji, safari hiyo ilikuwa ya kutimiza wajibu wa ukoo na wa matambiko. (Neno "matembezi" halitoshi kulifasiri: linabakiza starehe na kuuacha wajibu.) Jarida lililitwaa, likawapa wasafiri wa kizungu wenye magari na kamera.

Ni haki kukiri kwamba Walkabout halikuwa tangazo tupu. Waandishi kama Ernestine Hill waliandika humo kwa kina, na wenyeji walionekana mara nyingi kuliko katika machapisho mengi ya wakati huo. Tatizo ni namna walivyoonekana.

Mwaka 1935, Roy Dunstan alimpigia jarida hilo picha Gwoya Tjungurrayi, mmoja wa walionusurika mauaji ya Coniston ya 1928. Picha ilimwonesha mtu mwenye kifua kipana, macho yakitazama mbali. Hakuna dalili ya mauaji yaliyokuwa yametokea miaka saba tu kabla. Walowezi walimwita Jimmy wa Pauni Moja. Mwaka 1950 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta bila jina lake, ikasambaa duniani kwa mamilioni ya barua kama alama ya Australia.

Gwoya alifariki mwaka 1965. Kifungu cha katiba kilichoagiza wenyeji wa asili wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi hiyo kilifutwa kwa kura ya maoni ya 1967.