Kuipima Komedi ya Wanandoa wa Makamo: Mfano wa One Foot in the Grave

Komedi ya hali, yaani tamthilia ya televisheni ambamo wahusika wale wale hurejea kila juma katika mazingira yale yale na kuchekesha kwa mambo yanayowafika, ni sanaa ambayo watazamaji wengi huipima kwa wingi wa vicheko, na kipimo hicho, ingawa si cha kupuuzwa, hakitoshi kumtofautisha fundi na mchekeshaji wa kawaida. Katika tawi lake linalohusu mume na mke wa makamo wanaoishi kitongojini, tawi ambalo Waingereza wamelipalilia kwa miaka mingi, kipimo cha kuaminika zaidi hupatikana kwa mwenzi asiyepaza sauti. Mtazamaji na amwangalie huyo wakati mwenzake anapofoka, kwa kuwa hapo ndipo inapojulikana kama mtunzi ameandika ndoa au ameandika vituko tu. Mfano ulio bora wa kujifunzia jambo hili ni One Foot in the Grave ya David Renwick, iliyoonyeshwa na BBC kuanzia Januari 1990 hadi Novemba 2000.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Victor Meldrew, mwenye umri wa miaka 60, anaondolewa katika kazi ya ulinzi kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na mashine, akabaki nyumbani na mkewe Margaret bila shughuli ya kumjazia siku. Richard Wilson, aliyemwigiza Victor, alikuwa na miaka 53 tu mfululizo ulipoanza, lakini aliubeba uzee wa mhusika wake kwa mabega na kwa shingo, wala hakuhitaji kuuigiza kwa sauti ya kutetemeka. Margaret aliigizwa na Annette Crosbie, ambaye kama Wilson alizaliwa Uskoti.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama hasira ya mhusika ina haki. Katika komedi dhaifu mume hukasirika kwa kuwa ameandikwa kuwa mkali, na mtazamaji humcheka kama anavyochekwa mtu asiye na akili timamu. Victor, kinyume chake, mara nyingi ana hoja: watu hutupa takataka katika bustani yake, mafundi huharibu walichoitwa kukitengeneza, na pipa kubwa la taka alilolikodi kwa fedha zake hukutwa asubuhi limetupiwa gari bovu. Kinachomponza ni kwamba hasira yake, iliyo halali inapoanza, hupita mipaka na kumwangukia asiyehusika, na mara nyingi asiyehusika huyo ni mkewe. Pengo hilo kati ya haki na kiasi ndilo chemchemi ya kicheko, na kila mtunzi anayelisahau hubaki na mzee mgomvi tu.

Jambo la pili ni msuko, na hapa Renwick ana wenzake wachache. Wajuzi wa sanaa hii huzungumzia kupanda na kuvuna, maana yake ni kuliingiza jambo dogo mapema bila kulipigia mbiu, kisha kulirejesha baadaye likiwa limebeba uzito ambao hakuna aliyeutarajia. Sehemu ya mwaka 1993 iitwayo “The Trial” inafaa kutazamwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya somo hili. Victor yuko peke yake nyumbani siku nzima, akisubiri kuitwa mahakamani kutumika katika baraza la wazee wa mahakama, na hakuna mwigizaji mwingine wa kusema naye ana kwa ana. Anasoma habari za magonjwa na kujiona anayo, anagombana na watu kwa simu, kisha anagundua kwamba mmea ulioletwa kutoka dukani, ambao aliagiza uwekwe chooni, umepandwa ndani ya bakuli lenyewe la choo pamoja na udongo wake. Aliyeuleta hakukaidi agizo, bali alilitii neno kwa neno, na ndiyo sababu kicheko kinachotokea ni kikubwa kuliko ambacho kingeletwa na uzembe wa kawaida. Ikumbukwe pia kwamba BBC haikatizi vipindi vyake kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo mtunzi ana takriban nusu saa isiyovunjwa, na hana haja ya kuzusha kishindo bandia katikati ili mtazamaji asiondoke.

Hata hivyo, mtihani mgumu kuliko yote ni wa kuwafungia wanandoa mahali pamoja na kuwanyima vituko vya nje. Renwick aliurudia mtihani huo kwa makusudi: katika “The Beast in the Cage” aliwaweka ndani ya gari lililokwama kwenye foleni, na katika “Rearranging the Dust” akawaketisha katika chumba cha kungojea cha wakili. Lakini jaribio la mwanzo, “Timeless Time” la mwaka 1990, ndilo lililo safi kupita yote. Sehemu nzima hupita usiku, chumbani, Victor akiwa amekosa usingizi na hivyo kumnyima mkewe pia. Wanazungumza habari zisizo na mpango, kama watu wafanyavyo saa tisa za usiku. King’ora cha gari kinalia nje. Victor anatoka gizani na kurudi akiwa ameuvaa mguuni mzoga wa nungunungu mdogo wa bustanini, alioudhani kuwa ndara yake. Baada ya kicheko hicho, ambacho ni kikubwa na cha wazi, linatajwa jina la Stuart, na kwa maneno machache mno mtazamaji anadokezewa kwamba wawili hawa waliwahi kuwa na mtoto wa kiume na hawanaye tena.

Hapo ndipo mjuzi anapopaswa kutega sikio. Tamthilia hii ilirekodiwa mbele ya hadhira studioni, na vicheko vinavyosikika ni vya watu waliohudhuria. Kwa hiyo pale vinaponyamaza, kunyamaza huko nako ni ushahidi. Renwick hakulieleza jina hilo zaidi, wala hakumpa Margaret hotuba ya machozi. Crosbie analala akitazama mbele, na mtazamaji anaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini mwanamke mwenye akili kama huyu amekaa miaka yote hiyo na mwanamume mwenye kelele kiasi hicho: wamefiwa pamoja, na hakuna mtu mwingine duniani anayelijua hilo kama wao. Mtunzi wa kawaida angelirejea jambo hilo kila msimu ili kuvuna huruma. Kulitaja na kuliacha ni alama ya mkono uliokomaa.

Kwa kulinganisha, Terry and June, iliyodumu kuanzia 1979 hadi 1987, ina wanandoa wapole na watani, lakini June Whitfield, mwigizaji hodari sana, mara nyingi alipewa kazi ya kushangaa tu makosa ya mumewe, na kipaji chake kilistahili zaidi. Keeping Up Appearances ya Roy Clarke, ya 1990 hadi 1995, iligeuza mizani, mke Hyacinth akawa ndiye mwenye fujo na mume Richard ndiye msikilizaji. Clive Swift alimpa Richard uchovu wenye heshima, ingawa maandishi hayakumruhusu kufika mbali zaidi ya hapo. Wamarekani nao waliitohoa kazi ya Renwick kuwa Cosby, iliyoanza mwaka 1996, wakampa mstaafu wao binti na nyumba iliyochangamka, na kwa kufanya hivyo wakauondoa upweke ulioipa ile ya Kiingereza nguvu zake.

Mwisho wa tamthilia nao hupimwa. Katika sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 20 Novemba 2000, Victor anauawa na gari ambalo dereva wake anakimbia, na Margaret anafanya urafiki na Glynis, aliyeigizwa na Hannah Gordon, kabla ya kugundua kwamba ndiye aliyekuwa dereva. Glynis anaumwa kichwa, Margaret anamtengenezea kinywaji chenye vidonge, na mtazamaji haambiwi vidonge hivyo ni vingapi. Uamuzi huo ni sahihi kabisa, kwa sababu swali lenyewe linamhusu Margaret, na kwa miaka kumi uso wake ndio uliokuwa ukitoa hukumu ndani ya nyumba ile. Mfululizo wa picha za mikasa ya Victor unaofuata, ukisindikizwa na wimbo, unawafariji watazamaji mapema mno, na kazi hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama ungeachwa.