Raila hana maji, au hakuna maji?

Juzi mtangazaji mmoja redioni alitusomea: "Raila hana maji." Nilishtuka. Kumbe alikusudia kijiji cha Raila, Kibera, kilichopewa jina la Raila Odinga, aliyeingia bungeni 1992 kupitia Lang'ata, Kibera ikiwemo. Jina la mtu likishakuwa mahali, kiambishi cha nafsi huliacha, likachukua ku- ya mahali: "Raila hakuna maji." Makanga wa Kawangware hakuhitaji darasa langu. "Kongo kuna jam!" hupaza sauti, na hakuna abiria awazaye Kinshasa. Mwanahabari mwenye shaka aseme tu: "Kijiji cha Raila hakina maji." Waliopanga foleni na mitungi ya lita 20 ni wanakijiji, jamani, si mwanasiasa.