Mchoro wa Jeffress: kweli kwa bundi, shaka kwa binadamu

Mwaka 1948 Lloyd Jeffress, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha mchoro wa mtandao wa neva ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuona. Hakupasua mnyama wala hakuchomeka waya kwenye ubongo wowote. Alijiuliza tu: ubongo unaojua sauti imetoka wapi ungelazimika kuwa umeundwaje? Jibu lake limekaa vitabuni hadi leo, na sehemu yake moja imethibitika kwa usahihi ambao wanasayansi wachache hubahatika kuupata. Sehemu nyingine ndiyo inayostahili kuchambuliwa.

Tuanze na ugumu wenyewe. Jicho lina nafuu. Mwanga wa kushoto na mwanga wa kulia huangukia sehemu tofauti za retina, kwa hiyo mahali pa kitu pameshaandikwa ndani ya jicho kabla ubongo haujaanza kazi. Sikio halina kitu cha namna hiyo. Koklea, ile konokono ya sikio la ndani, hupanga sauti kwa masafa yake: nzito upande huu, nyembamba upande ule. Filimbi ikilia mlangoni au dirishani, hutikisa sehemu ileile. Mahali ilipotoka hapana budi pakokotolewe, na hesabu hiyo inataka masikio mawili.

Mwingereza Lord Rayleigh, aliyekuwa ameshapata Nobeli ya fizikia mwaka 1904, alieleza mwaka 1907 kwamba tunazo dalili mbili. Kwa sauti nyembamba, kichwa huweka kivuli: sikio la mbali hupokea sauti hafifu zaidi, na tofauti yaweza kufika desibeli 20. Sauti nzito haina kivuli hicho. Wimbi la hezi 500 lina urefu wa karibu sentimita 70, hivyo hukipita kichwa kwa kukizunguka kana kwamba hakipo. Hapo kinachobaki ni muda, yaani sikio lililo karibu hupata habari kwanza.

Hutangulia kwa kiasi gani? Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ikitoka ubavuni kabisa, huchelewa kulifikia sikio la pili kwa mikrosekunde kama 650 au 700 tu, yaani chini ya elfu moja ya sekunde. Ikitoka mbele, tofauti ni sifuri. Na kati ya hapo, mtu mwenye masikio mazima aweza kutambua tofauti ya mikrosekunde 10 hivi. Sasa linganisha na kifaa kinachotumika: mpigo mmoja wa umeme wa neva huchukua karibu mikrosekunde 1,000. Ni kama fundi cherehani kupima upana wa uzi kwa futi isiyo na alama ila za sentimita.

Werevu wa Jeffress ulikuwa kukataa kupima muda. Aliugeuza muda kuwa mahali. Weka safu ya seli. Neva za sikio la kushoto ziingie kwa mwisho mmoja wa safu, za kulia kwa mwisho wa pili, na kila seli iitike pale tu mipigo ya pande zote mbili inapoifikia kwa pamoja. Mpigo huchukua muda kusafiri nevani. Kwa hiyo sauti ikitoka kushoto, mpigo wa kushoto huwa umeshakwenda mbali ndani ya safu kabla wa kulia haujaingia, na wawili hao hukutana karibu na mwisho wa kulia. Sauti ikitoka mbele, hukutana katikati. Hakuna saa popote. Ukijua ni seli ipi imeitika, umeijua pembe.

Uthibitisho ulikuja kupitia bundi, yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Kwetu wengi humwona mchuro na kumfukuza kwenye paa, jambo la kusikitisha kwa ndege anayekula panya wetu bure. Roger Payne, ambaye baadaye alipata sifa kwa nyimbo za nyangumi, alionyesha kwamba bundi huyo humnasa panya katika chumba chenye giza totoro. Je, hunusa, au huhisi joto la mwili? Payne alimfungia panya jani mkiani, akamwachia juu ya sakafu laini isiyotoa sauti. Bundi alilivamia jani.

Kisha Masakazu Konishi na Eric Knudsen, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, walizungusha spika kumzunguka bundi huku wakirekodi seli za ubongo wake wa kati. Mwaka 1978 walitangaza kwamba kila seli ilikuwa na eneo lake dogo hewani na haikuitika sauti ya kwingineko. Zaidi ya hapo, seli jirani zilishughulikia maeneo jirani. Hiyo ilikuwa ramani, na ramani hiyo haikutoka sikioni. Ubongo wenyewe uliichora.

Bundi ana hila nyingine ambayo sisi hatuna. Tundu la sikio lake la kushoto liko juu kidogo na linaelekea chini, la kulia liko chini na linaelekea juu. Hivyo tofauti ya ukubwa wa sauti humwambia kama panya yuko juu au chini, na tofauti ya muda humwambia kushoto au kulia. Dalili mbili za Rayleigh, kwake, zimegawana kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Catherine Carr na Konishi waliingia kwenye kituo cha shina la ubongo ambako habari za masikio mawili hukutana mara ya kwanza. Neva za upande mmoja huingia kwa juu, za upande wa pili kwa chini, na hupishana ndani ya tishu isiyofikia milimita moja. Umbali huo unatosha kuleta uchelewaji wa mikrosekunde kama 200, kiasi ambacho kichwa kidogo cha bundi kinahitaji. Ulikuwa mchoro wa 1948, ukiwa hai.

Hapo ndipo wengi walipovuka mpaka. Kwa kuwa bundi yuko hivyo, ikaonekana na sisi tuko hivyo. Lakini mwaka 2001 David McAlpine na wenzake waliripoti kwamba kwa mamalia wadogo, seli nyingi huitika kwa nguvu zaidi kwa tofauti za muda ambazo kichwa cha mnyama husika hakiwezi kuzitoa. Katika mpango wa Jeffress, seli za aina hiyo hazina kazi. Mwaka uliofuata, kundi lililomhusisha Benedikt Grothe lilizuia kemikali ya glisini, inayotuliza seli hizo, kwenye panya wa jangwani, na upendeleo wa seli ukasogea kuelekea sifuri. Kumbe urefu wa neva haukuwa ndio unaopanga kila kitu. Breki iliyofungwa kwa wakati nayo ilikuwa inapanga.

Maelezo yanayoafikiana na matokeo hayo ni kwamba mamalia hulinganisha makundi mawili mapana, la kushoto na la kulia: lipi linapiga kwa nguvu zaidi, na kwa kiasi gani? Mfumo huo huwa mkali zaidi pale ambapo sauti iko mbele, na kweli binadamu hutambua mhamo wa nyuzi 1 hivi mbele yake, lakini hukosea zaidi ubavuni. Wala si ajabu bundi na panya kutofautiana, maana sikio la kusikia sauti za hewani liliibuka kwa ndege na kwa mamalia kila mmoja kwa njia yake.

Mjadala haujafungwa, kwa sababu hakuna atakayechomeka sindano kwenye shina la ubongo wa mtu mzima mwenye afya kwa ajili ya jaribio. Lakini ushahidi wa mamalia umeelemea upande mmoja, na bado vitabu vingi vya wanafunzi huchora safu ya Jeffress ndani ya kichwa cha binadamu bila neno la tahadhari. Safu hiyo ibaki katika sura ya bundi. Katika sura ya binadamu, iandikwe wazi kuwa ni dhana, na kwamba wanyama walio karibu nasi kuliko bundi hawaiungi mkono.