Geti Linafunguliwa, Gari Linatoka

Kama umewahi kuangalia Bongo Movie za zama za DVD, sini hii unaijua. Dada anatoka nyumbani kwenda hospitali. Mlinzi anafungua geti. Gari linatoka. Tunaliona barabarani, tunaliona tena kwenye kona, tunaliona linaegeshwa. Dada anashuka, anapanda ngazi, moja baada ya nyingine. Akifika juu, daktari hayupo.

Kwenye kibanda umiza cha kwetu Buguruni, kwa shilingi 200 na benchi la mbao, watu walikuwa wanapiga kelele: "Fika basi, mgonjwa anakufa!" Mimi nikakua nikiamini kwamba watengenezaji wetu hawajui kusimulia. Nilipoanza kuandika uhakiki, hilo ndilo lilikuwa shitaka langu la kwanza. Leo nataka kulifuta nusu.

Aliyenitikisa ni kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa akihariri picha kwa wazalishaji wadogo. Siku moja nikamtania kuhusu zile ngazi. Hakucheka. Akaniambia: "Dogo, stori ni ya saa moja. Tajiri anataka sehemu mbili. Wewe ungefanyaje?"

Tajiri alikuwa Kariakoo, mwendo wa daladala moja tu kupitia Barabara ya Uhuru. Ukitaka kuelewa kwa nini gari lile lilichukua dakika nne kufika, anza na tajiri, si na mwongozaji.

Filamu ya Girlfriend ya George Tyson, iliyotoka 2003, huhesabiwa miongoni mwa kazi zilizofungua njia. Majumba ya sinema ya mjini, kina Empire, Empress na Avalon, yalikuwa yameshapita zama zake. Soko likawa kanda, kisha diski. Mzalishaji anamaliza kazi, anabeba masta, anampelekea msambazaji, na mara nyingi anauza haki zote kwa mkupuo. Steps Entertainment ndilo lililokuwa jina kubwa kwenye makava ya miaka hiyo.

Sasa piga hesabu, kwa mfano tu. Tuseme masta inanunuliwa kwa milioni 20. Ukitumia milioni 15, faida yako ni tano. Ukitumia 10, faida ni 10. Zikiuzwa kopi elfu tano au laki moja, chako ni kilekile. Hollywood hela ya tiketi hugawanywa na mwenye jumba, halafu filamu inaendelea kuuzwa kwa televisheni, diski na mtandao. Picha ya zamani inaweza kumlisha mwenyewe hadi leo. Kwa masta, faida imeshapatikana kabla mtazamaji wa kwanza hajakaa kwenye benchi. Haiji kwa kupendwa na watu, inakuja kwa kubana matumizi: siku chache za kupiga picha, nyumba ya kuazima, sebule ileile yenye sofa ileile.

Msambazaji naye ana yake. Kopi feki ziko mlangoni, kwa hiyo lazima auze haraka. Na hadithi moja ikikatwa vipande viwili, anauza makava mawili. Hapo ndipo biashara inapoingia kwenye muundo wa hadithi. Sehemu ya kwanza lazima iishie bastola imeinuliwa au bibi harusi kashika karatasi ya vipimo. Sehemu ya pili haina deni hilo, maana ukishainunua, umeshalipa. Ndiyo maana nyingi zinalegea: ajali inamwondoa mbaya, mchungaji anawapatanisha waliobaki, kwisha. Sisi tuliolelewa na "itaendelea" za magazetini tunaujua mchezo huu, ila kule mwandishi alikuwa na wiki nyingine ya kutuvuta. Huku mhariri alikuwa na masta ya kujaza.

Nusu ya shitaka naibakiza. Urefu ulilazimishwa, lakini geti lilichaguliwa. Simamisha wanawake wawili bombani Buguruni, uwape dakika nne na jirani wa kumsema. Utakosa pa kukata. Maneno ndiyo mali tuliyonayo bure uswahilini. Ila maneno mazuri yanataka mtu akae ayaandike, na kwenye bajeti ya kubana, mtunzi ndiye anayekatwa wa kwanza. Gari la kuazima linajaza muda na pia linapendeza kwenye kava.

Hasara ya mkupuo inaonekana zaidi msanii akifa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walijaa Leaders Club kumuaga. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Lakini msanii yeyote aliyeuza haki zote, warithi wake wanarithi sifa tu.

Na sisi watazamaji? Mwaka 2013 zilipoanza stempu za TRA kwenye diski, wengi wetu tuliendelea na zisizo na stempu, kisha tukahamia kuwekewa muvi kwenye flashi. Wasomaji wenzangu msijitoe. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi niliisoma sekondari kwa fotokopi, kurasa mbili hazisomeki. Amil Shivji alipoifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto Septemba 2021, nilijivuna kama nina hisa. Shilingi yangu haimo humo hata moja.

Siku hizi diski imekufa, na tamthilia za televisheni ndizo zinazowapa wengi kazi. Huko kinachouzwa ni kipindi, kwa hiyo harusi moja inaweza kuchukua wiki tatu. Kabla hujaandika kwamba mtunzi anavuta muda, uliza kwanza analipwa kwa kipi. Si kwa ajili ya kumtetea. Kazi mbovu ni mbovu. Ni kwa ajili ya kujua shitaka unalipeleka kwa nani.

Yule kaka aliacha kuhariri, sasa anauza vipuri vya pikipiki. Bado sijamjibu swali lake.