Kumwonjesha Mwenzio Kitabu

Msomaji aliyemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi usiku wa manane huamka na jambo ambalo hawezi kukaa nalo peke yake. Lazima amtafute mtu. Atamwambia kuwa kuna msichana wa Kihindi huko Unguja, jina lake Yasmin, ameozwa mwanamume makamo ya baba yake, na siku moja anaikimbia nyumba. "Anakimbilia wapi?" mwenzake atauliza. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Ndani ya jibu la swali hilo wamo Mwajuma na Denge, zimo siasa za miaka ya mwisho ya mkoloni Zanzibar, na mwenye kuyajua ana hamu ya kuyamwaga yote palepale. Fundi hujizuia. Husema tu, "Soma sura mbili za mwanzo, halafu njoo tuzungumze."

Kazi hii haina cheti wala mshahara, lakini ina wajuzi wake, na kila mji unao. Yupo mwalimu mstaafu ambaye hakutani na mtu bila kumuuliza anasoma nini siku hizi. Yupo muuza vitabu vya mitumba anayemtazama mteja mara moja, akainama, akachomoa kitabu kutoka chini ya rundo. Yupo binti wa kikundi cha wasomaji cha WhatsApp ambaye ujumbe wake wa sauti, wa dakika tatu tu, huwafanya watu kumi waanze kuulizana kitabu kinapatikana duka gani. Hawa ndio wanaoiweka hai fasihi ya Kiswahili, na inafaa wasifiwe waziwazi.

Ugumu wa kazi yao una chanzo kinachojulikana. Wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania walikutana na riwaya kwa mara ya kwanza darasani, na mara nyingi walichoshika mkononi hakikuwa riwaya yenyewe, kilikuwa mwongozo. Mwongozo hauachi kitu. Unaeleza ploti tangu mwanzo hadi mwisho, unapanga wahusika na sifa zao, unaorodhesha dhamira na tamathali za semi, kisha unamalizia kwa maswali ya marudio. Mwanafunzi anaweza kufaulu vizuri kabisa kwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed bila kukaa na Maimuna hata jioni moja. Mtihani ukiisha, kitabu kimeisha. Mtu huyo akifika miaka thelathini na tano, ukimtajia riwaya ya Kiswahili atakumbuka chumba cha mtihani.

Mdokezaji mzuri huja kuyatengua hayo, na njia yake ni kinyume cha ile ya mwongozo: anaacha mengi bila kuyasema. Mtu akimwambia, "Siku Njema tuliisoma sekondari," hashindani naye. Anamuuliza kama anakumbuka mama yake Kongowea alikuwa nani. Wengi hawakumbuki. Basi anamkumbusha kwamba Ken Walibora, Mkenya, alikianzisha kitabu hicho Tanga, kwa mtoto wa mwimbaji, na kwamba kijana huyo anavuka mpaka kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Kwa msomaji wa miaka kumi na saba huo ulikuwa muhtasari wa kukariri. Kwa mtu mzima ambaye sasa ana watoto wake, au ambaye naye hakulelewa na baba, ni habari nyingine kabisa. Kitabu hakijabadilika hata nukta tangu kilipochapwa mwaka 1996.

Kumjua mtu unayempa kitabu ni nusu ya ufundi. Euphrase Kezilahabi ni mfano mzuri, kwa sababu aliandika kana kwamba alikuwa waandishi wawili. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ambayo mwanzoni ilipigwa marufuku shuleni, inamshika msomaji yeyote mwenye binti, dada au kumbukumbu ya ujana. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyoifuatia ni vitabu vyembamba ambavyo vimewashinda wasomaji hodari. Msafiri anapita katika mabonde na miji isiyo ya duniani, wanafalsafa waliokwisha kufa wanaibuka, hadithi haitaki kwenda mbele kama hadithi. Mtu anayempa mgeni Nagona akamwambia ni "nzuri sana" amemdhulumu, maana mgeni atakwama ukurasa wa kumi na kudhani kasoro ni yake. Fundi husema ukweli: kitabu hiki kigumu, utapotea, kila mtu hupotea, kisome mara ya kwanza bila kutafuta maana. Au husema, anza na Rosa, Nagona tutakuja kuizungumza mwakani. Ukweli wa namna hiyo ndio unaofanya pendekezo lake la pili lisikilizwe.

Nusu ya pili ni kujua mahali pa kuishia, na hapa pana kitabu kimoja kinachompima kila msimulizi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya Fasihi, Waswahili wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza, ingawa alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Vitabu vyake alivyoandika Uingereza viko kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis akaitafsiri riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaichapa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mwanzoni mwa kitabu yumo mtoto, Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili. Anapenda sana Mjomba Aziz anapokuja kuwatembelea. Mjomba ni tajiri, ananukia vizuri, na kila anapoondoka humwachia Yusuf sarafu. Safari moja anaambiwa kwamba yeye pia ataondoka, na Mjomba Aziz, kwa treni.

Hapo panatosha. Sababu ya safari hiyo imeandikwa kwenye maelezo mengi ya kitabu hiki, na kila anayeitaja mapema anamnyang'anya msomaji kitu ambacho Gurnah alikipanga kwa uangalifu mkubwa: msomaji alijue jambo hilo pamoja na Yusuf, akiwa tayari yuko mbali na kwao. Sarafu ile inabeba uzito wote. Msimulizi akiitaja sarafu na kuinyamazia sababu, amefanya haki.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko vitabu vya chapa katika pwani yetu. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga Mombasa zama za Wamazrui na akafariki karibu na mwaka 1840. Diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, kwa mkono wa William Hichens. Kati ya kifo chake na chapa hiyo imepita karne nzima, na mashairi hayakukaa dukani. Yalikaa vichwani. Watu waliyasema barazani kwa sababu yalifaa kwa jambo la siku ile, wengine wakayashika, hadi Mwalimu Sikujua wa Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kumsaidia W. E. Taylor kuyahifadhi kwa maandishi. Kila ubeti wa Muyaka unaosomwa leo chuo kikuu ulipita kwanza kwa mtu aliyemwambia mwenzake, "Hebu sikiliza hili."

Baadaye njia hiyohiyo ikawa ya vitabu vya mifukoni. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ilimleta mpelelezi Willy Gamba, na nakala zake zilipita bwenini na ofisini hadi zikakosa jalada, zikavalishwa gazeti, zikaendelea na safari. Kurasa za mwisho zikichanika, aliyekwisha kusoma alilazimika kumhadithia mwenzake zilizopotea.

Siku hizi nakala hazichaniki, na hapo pana jambo la kusemwa bila kuzunguka. Kumtumia mtu riwaya nzima iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF si kumwonjesha kitabu. Mwandishi wa Kiswahili huuza nakala chache, na mchapishaji wake huhesabu kila moja kabla ya kuamua kama atachapa tena. Picha ya ukurasa mmoja na sauti ya dakika tatu humpeleka msomaji dukani. Faili zima humzuia. Mwenye kukipenda kitabu kweli humsaidia aliyekiandika aandike kingine. Kuazimana nakala ni heri, maana nakala ile angalau mtu mmoja aliilipia, na anayeazima anajua kuwa ataulizwa.

Kuulizwa huko ndiko kunakokamilisha kazi. Anayependekeza anapaswa kurudi baada ya wiki mbili na kusikiliza, hata kama mwenzake hakukipenda. Mara nyingine msomaji wa pili huona alichokosa wa kwanza. Mwanamke akimsoma Yasmin wa Adam Shafi anaweza kumwambia aliyempa kitabu kwamba alitumia muda mwingi mno kumsifu Denge, na kwamba ujasiri mkubwa kuliko wote kitabuni ni wa Mwajuma, aliyefungua mlango. Mazungumzo ya namna hiyo hayamo katika mwongozo wowote.

Vitabu visivyo na wa kuvisemea ni vingi. Tuzo ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, washindi wa zawadi ya kwanza walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassany kwa diwani N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Tuzo inaweza kuutoa mswada kabatini na kuufikisha kiwandani. Kuanzia hapo inabaki kazi ya wasomaji. Anayetaka kuanza juma hili na amtafute mtu aliyewahi kuhama, au mwenye ndugu Muscat, Bonn au Toronto, amsomee kwa sauti shairi moja la Ghassany, kisha amwazime diwani na kumwambia siku atakayokuja kuichukua.